Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mwenye Kiu Isiyokwisha

Barua tatu tulizozichagua safari hii zinatoka mkoa wa Tanga na zote zinahusu kisukari cha watoto. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa anayoyaeleza mwandishi wake yanaweza kutokea katika nyumba yoyote.

SWALI: Assalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Makorora. Mwanangu wa tatu ana umri wa miaka sita. Baada ya Idi alianza kuamka usiku kutafuta maji, kisha akarudia kukojoa kitandani, tabia aliyokuwa ameiacha zamani, nami nikawa namgombeza. Mama mkwe aliona sisimizi wamejaa mahali mtoto alipokojoa uani, lakini hakuna aliyejua maana yake. Katika zahanati moja alipimwa malaria, hakukutwa nayo, akaandikiwa dawa za UTI. Siku chache baadaye akawa anatapika, tumbo linamuuma na anahema kama mtu aliyetoka mbioni, na majirani wakasema amechezewa. Tulipofika hospitali muuguzi alimtoboa kidole, na mashine haikutoa namba bali iliandika HI; nikadhani imeharibika. Alhamdulillahi, sasa yuko nyumbani na anachomwa sindano. Je, ni sukari niliyokuwa namwekea kwenye uji? Kwa nini haikuonekana mapema? Na hawa wenzake watatu niwapime?
*Mama wa Watoto Wanne, Makorora, Tanga*

JIBU: Wa aleikum salaam, Mama, na pole kwa mtihani huo. Uji wako hauna hatia. Ugonjwa alioupata mtoto ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho hutokea pale kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inapozigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Hakuna chakula ulichompa kilichosababisha hilo, wala hakuna ulichomnyima. Kisukari kinachohusishwa na unene na ulaji, ambacho wengi tunakifahamu kwa wazazi wetu, ni cha aina ya pili, na kuyachanganya magonjwa haya mawili kumewafanya akina mama wengi wabebe lawama isiyo yao.

Insulini ndiyo inayoiruhusu sukari iingie katika chembe za mwili ili itumike. Inapokosekana, sukari hubaki kwenye damu, na ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita figo hushindwa kuizuia, ikamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji mengi pamoja nayo. Ndiyo sababu mtoto wako alikojoa sana, akawa na kiu isiyokwisha, na sisimizi wakaufuata mkojo wake. Mama mkwe wako aliona dalili ambayo waganga wa kale wa Bara Hindi waliitambua karne nyingi kabla ya maabara kuwapo, na nakuomba umwambie hivyo. Mwili unaokosa sukari ya kutumia huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, mtoto akakonda huku anakula, na mabaki ya uchomaji huo, yaitwayo ketoni, huifanya damu kuwa na tindikali. Hapo ndipo kutapika na maumivu ya tumbo huanza, pumzi hunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, na mtoto huhema kwa nguvu kwa sababu mwili unajaribu kuitoa tindikali kupitia mapafu. Akifikia hatua hiyo anahitaji hospitali saa ileile, kwa kuwa anaweza kupoteza fahamu na kufariki.

Kuhusu mashine, haikuwa imeharibika. Mashine nyingi za kupimia sukari huandika HI, kifupi cha neno la Kiingereza "high", yaani juu, pale kiwango kinapovuka upeo wa kipimo chake, ambao kwa nyingi ni milimoli 33.3 kwa lita. Kwa kulinganisha, mtoto mwenye dalili kama za mwanao akikutwa na milimoli 11.1 au zaidi, awe amekula au hajala, jibu limekwisha kupatikana.

Kwa nini haikuonekana mapema? Sipendi kumhukumu mhudumu ambaye sikuwa naye chumbani, lakini sitakuficha kwamba ingeweza kuonekana. Homa, kutapika na kuhema katika ukanda wetu wa pwani humpeleka kila mtu kwenye malaria na nimonia kwanza, na kukojoa mara kwa mara humpeleka kwenye UTI, kwa sababu magonjwa hayo huonekana kila siku ilhali kisukari cha mtoto mhudumu wa zahanati anaweza kumaliza miaka bila kukiona. Kinachonisikitisha ni kwamba vijiti vingi vinavyochovywa kwenye mkojo kutafuta UTI vina pia kiraka cha sukari na kiraka cha ketoni, na mara nyingi hakuna anayevitazama kwa sababu hakuna aliyeviulizia. Mzazi ana haki ya kusema kwa adabu: "Naomba mtoto apimwe na sukari." Tone la damu la kidole hutoa jibu ndani ya sekunde chache. Asikubali kuambiwa amrudishe kesho asubuhi akiwa hajala, kwa kuwa utaratibu huo unamfaa mtu mzima asiye na dalili, na kwa mtoto mwenye kiu na anayekonda usiku mmoja unaweza kuwa mrefu mno.

Kwamba ugonjwa huu unaweza kutambuliwa mapema kumekwisha kuonekana kwingine. Katika mkoa wa Parma nchini Italia, kuanzia mwaka 1991, madaktari walibandika mabango mashuleni na katika kliniki za watoto yakieleza dalili chache tu, ikiwemo hiyo ya mtoto kurudia kukojoa kitandani, na idadi ya watoto waliofikishwa hospitali wakiwa tayari na tindikali kwenye damu ikapungua sana. Bango halihitaji umeme wala fundi, na sioni kwa nini lisiwepo kwenye ukuta wa kila shule ya msingi, kuanzia Makorora hadi Mwambani.

Wenzake watatu hawahitaji kutobolewa vidole kila wiki. Katika nchi zilizofuatilia familia kwa miaka mingi, ndugu wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza huupata ugonjwa huo takriban 5 kati ya 100, maana yake walio wengi hawaupati. Mmoja wao akianza kiu, kukojoa sana, kukonda au uchovu usio na sababu, mpime siku hiyohiyo kwa mashine ya nduguye.

Nina onyo moja ambalo hukuliuliza. Katika miezi ya mwanzo, baadhi ya watoto huhitaji insulini kidogo sana, kwa sababu chembe chache zilizosalia kwenye kongosho hupata nafuu ya muda, na hapo ndipo jirani atakapokuja kukwambia kuwa mtoto amepona na sindano ziachwe. Dua zisomwe na kombe linywewe, sina neno nalo. Sindano isiachwe hata siku moja. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alipochomwa insulini mjini Toronto nchini Kanada, mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na tiba, na mpaka leo hakuna dawa ya miti wala ya dukani inayoshika nafasi ya insulini.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mjukuu wangu anaishi na kisukari na atakuja kwangu Pangani wakati wa likizo. Sina jokofu. Dawa yake nitaiweka wapi? Na akizidiwa nifanyeje?
*Bibi, Pangani*

JIBU: Marahaba, Bibi, ingawa ilikuwa haki yangu kukuamkia wewe kwanza. Chupa ambazo hazijafunguliwa ni vizuri zibaki mjini kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, na mtoto aje na ile anayoitumia pamoja na ya akiba. Utafiti uliofanywa na Médecins Sans Frontières, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, ukichapishwa mwaka 2021, ulifuata hali ya joto la nyumbani katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana, na ukaonyesha kuwa insulini ilidumisha nguvu yake kwa majuma manne. Kwa hiyo likizo ya Pangani haitaiharibu, mradi isipigwe na jua na isikae karibu na jiko. Chukua chungu kidogo ukiweke ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, uloweshe mchanga huo asubuhi na jioni, kisha weka dawa ndani ikiwa kwenye mfuko mkavu, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu na kukiacha chungu kivulini penye upepo. Usiipeleke kwenye barafu ya wavuvi, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena. Muulize mama yake kama dawa hiyo kwa kawaida ni angavu au ina ukungu, kwani aina zote mbili zipo, na ile angavu ikigeuka kuwa na ukungu itupwe.

Hatari utakayokutana nayo ghafla zaidi ni sukari kushuka, hasa mtoto akichomwa sindano kisha akakimbilia ufukweni bila kula. Atatetemeka, atatoka jasho la baridi, atakuwa mkali bila sababu au ataongea ovyo. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya maji ya machungwa, na Muheza kwenye machungwa mengi haiko mbali. Subiri dakika 15, umpime tena, na ikiwa bado iko chini ya milimoli 4 rudia. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mpake asali au sukari iliyoloweshwa kwenye fizi kwa ndani ya shavu, na atafutwe usafiri wa kumpeleka hospitali papo hapo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kwenye redio husikia kuwa wabunge wa Uingereza hukaa kujadili maombi ya wananchi, leo uhamiaji, wiki nyingine ulinzi wa nchi, na wakati mwingine kisukari cha watoto. Je, ugonjwa wa mtoto ni jambo la Bunge? Na sisi wa Tanga tunaweza kulifikisha Dodoma?
*Mwalimu mstaafu, Chumbageni*

JIBU: Ni jambo la Bunge, Mwalimu, kwa sababu vipimo na dawa hununuliwa kwa fedha za umma. Utaratibu unaousikia ni huu: ombi la wananchi likipata saini 10,000, serikali ya Uingereza hulijibu kwa maandishi, na likifika 100,000 hufikiriwa kujadiliwa, kwa kawaida Jumatatu katika ukumbi wa Westminster Hall. Mjadala huo hauilazimishi serikali kufanya lolote, na msikilizaji wa mbali hulisahau hilo kwa urahisi. Wales, sehemu ya Uingereza yenye bunge lake, ilipokea ombi la familia iliyofiwa na mtoto ambaye kisukari chake hakikutambuliwa mapema, na mwaka 2018 kamati yake ya maombi ikatoa taarifa juu ya jambo hilo. Italia ilikwenda mbali zaidi: Septemba 2023 bunge lake lilipitisha sheria ya kuwachunguza watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 17 kwa kipimo cha damu kinachoonyesha hatari ya kisukari cha aina ya kwanza kabla dalili hazijatokea. Aliyeipeleka hoja hiyo, Giorgio Mulè, alikuwa hapo kabla naibu waziri wa ulinzi, kwa hiyo mtu anaweza kuzungumzia mizinga na sindano za watoto kwa ulimi uleule.

Sidhani kwamba tuanze na sheria kama ya Italia. Kipimo chao ni cha maabara kubwa na kinamtafuta mtoto ambaye bado ni mzima, wakati kwetu anayekosa kipimo ni mtoto aliyekwisha kuugua na aliye mbele ya mhudumu. Mbunge wako anaweza kuuliza swali la msingi na maswali yake mawili ya nyongeza, na Mkutano wa Bajeti, unaofanyika Aprili hadi Juni, ndipo makadirio ya Wizara ya Afya yanapojadiliwa. Ipo pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na ni haki kumuuliza mbunge kama insulini, mashine na vijiti vya mtoto vimo katika kitita cha huduma za msingi.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kuanza na diwani. Zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya halmashauri, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, inayopitisha mpango wa matumizi na maombi ya vifaa kutoka Bohari ya Dawa. Kopo la vijiti vya kupimia sukari ni kitu kidogo katika mpango huo, na hukosekana mara nyingi kwa kuwa hakuna aliyeliandika. Ukiwa mwalimu mstaafu unajua kuandika barua isiyoweza kuwekwa kando: uliza katika kata yako ni zahanati ngapi zina mashine ya sukari inayofanya kazi leo, vijiti viliisha lini mara ya mwisho, na ni nani aliyepewa jukumu la kuviagiza. Peleka nakala moja kwa mganga mfawidhi wa kituo na nyingine kwa Mganga Mkuu wa Jiji, na uombe majibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani.