Nuremberg walihukumiwa kwa sheria ipi?

Swali: Wakili habari, nasoma sheria mwaka wa pili. Lekchara anasema hakuna kosa bila sheria, huwezi kumuadhibu mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya kitendo. Sasa mbona kwenye kesi ya Nuremberg, Ujerumani, wakubwa wa Hitler walinyongwa kwa makosa yaliyoandikwa 1945 vita vimeshaisha? Si ni haki ya mshindi tu?

Jibu: Salama mdogo wangu. Hiyo kanuni ilizaliwa kwenye maumivu, wakati mwanafikra Beccaria kule Milano anaandika kitabu chake 1764, majaji walikuwa wanajipimia adhabu wenyewe na watu wanateswa mpaka wakiri, ndo akasema adhabu itoke kwenye sheria, isitoke kichwani kwa jaji. Wafaransa wakaiweka kwenye Tamko lao la Haki za Binadamu la 1789, ibara ya 8, na Katiba yetu Tanzania inayo, 13(6)(c).

Sasa angalia nani aliivunja kwanza. Februari 1933 jengo la bunge Berlin likachomwa, akakamatwa kijana Mholanzi, Marinus van der Lubbe. Kosa lile siku ile halikuwa na adhabu ya kifo, mwezi uliofuata serikali ya Hitler ikatunga sheria ikairudisha nyuma imfikie yeye, Januari 1934 wakamkata kichwa. Mwaka 1935 wakaruhusu kabisa mahakama kuadhibu kitendo ambacho sheria haijakitaja, ilimradi eti hisia za wananchi zinataka. Hili linaniuma kila nikilifundisha.

Ila hilo peke yake halijibu swali lako, maana uovu wao hauwapi majaji ruhusa ya kuvunja kanuni. Pitia shtaka moja moja. Kuua mateka wa vita kulishakatazwa na Mkataba wa Hague wa 1907, na kuua kwa kukusudia kulikuwa kosa Ujerumani miaka yote, so hapo hoja ya sheria mpya haisimami. Kuanzisha vita ndo kugumu, mkataba wa 1928 ulikataza vita lakini haukusema mtu binafsi ataadhibiwa, na mimi naona wakosoaji hapo wako sahihi. Pia Wasovieti walikaa upande wa majaji wakati wao wenyewe waliivamia Poland 1939, hapo haki ya mshindi ipo kweli, japo washtakiwa watatu waliachiwa huru.

Kwenye insha yako mtumie Radbruch, waziri wa sheria wa Ujerumani kabla ya Hitler, 1946 aliandika kwamba sheria ikizidi uonevu kiasi kisichovumilika inakosa nguvu ya sheria. Halafu soma ibara ya 7 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa 1950, kifungu cha pili kiliwekwa kwa ajili ya kesi hizi hizi.