Ghorofa la Kifahari Jirani: Je, Wapangaji wa Zamani Watabaki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepanga vyumba viwili katika mtaa huu kwa miaka 19. Kiwanja tunachopakana nacho, kilichokuwa na karakana iliyofungwa siku nyingi, ambayo mlangoni pake hukaa fundi viatu, kimenunuliwa, na sasa pamesimamishwa bango lenye picha ya jengo la ghorofa 14 na bwawa la kuogelea juu ya paa. Ng'ambo ya barabara, nyumba tatu zenye wapangaji zitabomolewa ili kupisha mradi wa namna hiyo hiyo. Dalali ameshamtembelea mwenye nyumba wetu mara mbili. Baadhi ya majirani wanasema fleti hizo zitaleta neema, na wengine wanasema mwaka hautapita kabla hatujahama. Ni nani tumwamini, na je, kuna la kufanya? — Mpangaji

JIBU: Ndugu msomaji, majirani zako wa pande zote mbili wana hoja, kwa sababu miradi uliyoitaja inafanana kwenye picha tu. Katika karakana iliyofungwa hakuna mtu aliyekuwa akilala, kwa hiyo kila fleti itakayojengwa pale ni nyongeza ya makazi, hata ikiwa ni ya matajiri. Nyumba za ng'ambo zina familia ndani yake, na familia hizo zitapoteza makazi siku ya bomoabomoa, miaka kadhaa kabla fleti ya kwanza haijapata mkazi. Mimi nisingeupinga mradi wa kwanza. Huo wa pili ningeuhoji kwa nguvu zangu zote.

Kuhusu kodi, watafiti nao wamepata majibu tofauti. Brian Asquith, Evan Mast na Davin Reed walichunguza majengo mapya makubwa katika maeneo ya watu wa kipato cha chini kwenye miji 11 ya Marekani, wakaona kwamba kodi za nyumba za jirani zilikuwa chini kwa asilimia 5 hadi 7 kuliko ambavyo zingekuwa bila majengo hayo, kwa kuwa wenye fedha walipopata fleti mpya waliacha kugombania nyumba za zamani. Hata hivyo, Anthony Damiano na Chris Frenier walipochunguza mji wa Minneapolis, huko huko Marekani, waliona kwamba katika nyumba za bei ya chini zilizo karibu na majengo mapya, kodi ilipanda kwa asilimia 6.6 zaidi ya zile zilizo mbali. Anayepanga nyumba ya wastani huenda akapata nafuu, na yule wa chini kabisa akaumia.

Ziara za dalali ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 1979 mwanajiografia Neil Smith alieleza kwamba mtaa huvutia wawekezaji pale pengo linapopanuka kati ya mapato ambayo ardhi inaingiza leo na yale ambayo ingeweza kuingiza kwa matumizi mengine. Mwenye nyumba wenu anaonyeshwa pengo hilo hivi sasa, pengine kwa tarakimu zilizoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, utafute mkataba wako na usome muda uliobaki, urefu wa notisi, utaratibu wa kupandisha kodi na yatakayokupata nyumba ikiuzwa. Kama mkataba wenu ni wa mdomo, omba uandikwe sasa, wakati bado mnaelewana.

La pili ni kuwahi kibali cha ujenzi. Kibali kikishatolewa, malalamiko ya majirani hupoteza uzito mwingi, lakini kabla ya hapo ofisi ya mipango miji huwa na uwezo wa kuweka masharti. Nendeni wapangaji na wenye nyumba kwa pamoja, mkiwa na barua fupi, mwulize bomba la maji taka lililowekwa kwa ajili ya nyumba za chini litahimilije ghorofa 14, maji yatatoka wapi, na familia za nyumba tatu zitaishi wapi. Fleti za bei nafuu zikiahidiwa, ombeni idadi, kiwango cha kodi na miaka ya ahadi hiyo viandikwe ndani ya kibali, na mwulize pia kuhusu mlango: mjini New York, mwaka 2014, jengo moja liliruhusiwa kuwatengea wapangaji wa fleti nafuu lango lao peke yao, na ilibidi sheria ibadilishwe mwaka uliofuata ili kukomesha aibu hiyo.

Tazameni pia mchoro wa ghorofa ya chini, ambao watu wengi huupita haraka. Pakiwekwa maegesho ya magari, barabara yenu itapakana na ukuta mtupu, na fundi viatu aliyekuwa akikaa mlangoni pa karakana hatakuwa na pa kuweka kigoda chake. Ombeni vyumba vidogo vya biashara vinavyofunguka kwenye njia ya waendao kwa miguu, na mtajeni fundi huyo kwenye barua yenu.