Muulize Mwalimu wa Kiingereza: Aliyeibiwa, Aliyeazimwa na Aliyelazwa

Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Arusha. Mgeni wetu alichomolewa simu sokoni bila kuhisi, nikaandika ripoti: "The guest was stolen her phone." Meneja akafuta "stolen", akaandika "robbed of". Mgeni alipoisoma akakataa kusaini. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Mgeni ndiye yuko sahihi. Ripoti kama hiyo huenda polisi na kwa watu wa bima, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Sentensi yako uliiwaza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili haina kasoro. Sisi tuna "iba", na tukiitia katika kauli ya kutendea inampokea aliyepata hasara: simu imeibwa, mgeni ameibiwa simu. "Steal" haina mlango huo. Kinachoifuata ni kitu kilichochukuliwa tu, na ukigeuza sentensi iwe ya kutendwa, kitu hicho ndicho kinachokaa mbele: "Her phone was stolen." Ukimtanguliza mgeni, Mwingereza ataelewa kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyebebwa na wezi. Kama ni lazima sentensi ianze na mtu, andika "She had her phone stolen."

"Rob" ndiyo inayofuatwa na mtu au mahali: "They robbed a tourist", "They robbed a bank". Hapo meneja wako aliona sawa. Lakini "rob" ya mtu inabeba nguvu au vitisho, na sisi wenyewe tunaijua tofauti hiyo, maana kuiba si kunyang'anya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatenganisha wizi na unyang'anyi, na unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Aliyechomoa simu mkobani kimyakimya hakumnyang'anya mtu. Meneja alisahihisha sarufi, akabadilisha kosa la jinai. Hata mimi nisingesaini.

Andika hivi: "The guest's phone was stolen at the market." Na siku wezi wakivunja chumba, tumia "burgle", ambayo hufuatwa na nyumba au chumba, au mwenye nyumba hiyo, kamwe si simu: "Room 12 was burgled." Naumia sana ninapoona vijitabu vya msamiati vinavyopanga "steal", "rob" na "burgle" mstari mmoja na kuandika mbele yake "iba". Mwanafunzi anakariri, halafu anakwenda kukwama kazini kama ulivyokwama wewe. Kitenzi cha Kiingereza kikariri pamoja na kile kinachokifuata.

Mwalimu shikamoo. Nikisema "Borrow me your pen" wenzangu wananicheka. Mbona kwa Kiswahili nasema "niazime kalamu" na hakuna anayecheka?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Morogoro*

Marahaba. Wasikuvunje moyo. "Azima" yetu inakwenda pande zote mbili: mimi nimeazima kalamu kwako, nawe umeniazima. "Borrow" ni ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa. Sema "Lend me your pen", au kwa adabu zaidi, "May I borrow your pen?" Ukichanganyikiwa, fikiria fedha. Palipo na "kopa" weka "borrow", palipo na "kopesha" weka "lend".

Usidhani Kiingereza ndicho kinachotenganisha kila mara. Mpangaji anapanga nyumba na mwenye nyumba anapangisha, lakini wote wawili Mwingereza anaweza kuwaambia "rent".

Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni muuguzi. Nilimwambia mgonjwa raia wa kigeni "Lay down, please", daktari akanirekebisha kuwa ni "lie". Kesho yake nikakuta kwenye faili ameandika mwenyewe: "The patient lay on the floor." Sasa?
*Muuguzi, Mwanza*

Nzuri, dada, na pole na zamu. Daktari alikuwa sahihi mara zote mbili, ila hakukueleza.

"Lie" ni kulala, kujinyoosha mwenyewe. "Lay" ni kulaza, kwa hiyo lazima kuwe na kinacholazwa: "Lay the baby on her back." Ona jinsi "lala" na "laza" zinavyofanana. Jozi ya Kiingereza ilizaliwa kwa njia hiyohiyo. Lugha kongwe iliyozaa Kiingereza na ndugu zake wa kaskazini mwa Ulaya ilikuwa na kiambishi cha kusababisha, kama -sha na -za zetu. Kiambishi kilikufa, watoto wake wakabaki: "sit" na "set", "rise" na "raise", hata "fall" na "fell", ambayo leo ni kuangusha mti. Sisi cha kwetu bado ki hai, tunakitumia kila siku.

Tatizo lako limetoka kwenye wakati uliopita. "Lie" ikipita inakuwa "lay", kwa hiyo faili lilikuwa sahihi: mgonjwa alilala sakafuni. "Lay" ikipita inakuwa "laid": "I laid the baby in the cot." Kuna na "lie" nyingine, ya kusema uongo, ambayo ikipita ni "lied". Ukiandika "The patient lied on the floor", umemwita mgonjwa wako mwongo, na faili husomwa na wengi.

Wazungumzaji wengi waliozaliwa na Kiingereza huzichanganya hizi mbili wanapoongea, wala hawashtuki. Katika maandishi ya wodini, shika tofauti. Na "amelazwa" ya hospitali usiipeleke kwenye "lay" hata kidogo, andika "She was admitted."