Barua kwa mwanangu: umeniuliza kuhusu Mwisenge

Mwanangu mpendwa,

Voisi yako niliisikiliza jana usiku, asubuhi nikairudia tena kabla sijashuka mwaloni. Umesema uhamisho umetoka, mnarudi Musoma, na mtoto anaanza darasa la kwanza Januari, ukaniuliza, "Mama, nimpeleke Mwisenge ile ya Nyerere au tujibane tumtafutie inglishi midiamu, na hivi ile shule ina nini leo zaidi ya jina?" Sikutaka kukujibu kwa simu huku natangaza bei ya dagaa, nimesubiri nitulie niandike.

Nianze na hilo jina maana watu wanalitaja tu wanapita. Kambarage aliletwa pale mwaka 1934, ana kama miaka 12, ametoka Butiama, karibu kilomita 40 huko na ilikuwa ni mwendo wa miguu. Mtoto wa mtemi Burito wa Wazanaki, lakini Kiswahili hakijui, anajua Kizanaki tu. Kiswahili alikijulia hapo hapo Mwisenge, bwenini na darasani, mikononi mwa walimu kama mzee wetu marehemu James Irenge ambaye Mungu alimjalia akamwona mwanafunzi wake anakuwa rais wa nchi. Masomo yalikuwa ya miaka minne, yeye akamaliza kwa mitatu, 1937 akaingia Tabora, baadae Makerere, baadae Edinburgh. Sasa wewe unaogopa mtoto akianza kwa Kiswahili Kiingereza kitampita, mwanangu, yule aliyeanza kujifunza Kiswahili pale Mwisenge ndiye aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ina maana lugha zote mbili zilimkaa. Msingi ndio ulikuwa mzuri.

Lakini mimi hicho sicho kinachonigusa zaidi. Kinachonigusa ni nani alikuwa anaingia kwenye lile geti. Miaka ile shule za serikali za wenyeji zilikuwa za kuhesabu, ukiwa mtoto wa mtemi unafikiriwa kwanza, ukiwa wa kike husemwi kabisa. Bibi yako, mama yangu mimi, alizaliwa na kukulia hapa hapa ng'ambo ya ghuba, na mpaka anazikwa alikuwa anaweka dole gumba kwenye karatasi. Nilikuwa namshika kile kidole nakipaka wino, yeye anageuza uso anaangalia pembeni. Sijawahi kukusimulia hilo, leo nakuambia.

Halafu Novemba 1974 TANU, chama tawala cha wakati ule, wakakaa kikao hapa hapa Musoma wakatoa lile azimio kwamba ikifika 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri awe shuleni. Mimi ni mtoto wa hilo azimio. Nilianza darasa la kwanza 1978, tena na majirani zangu wote, wa kike kwa wa kiume, wengine wameshakuwa wakubwa ndevu zinaanza kuota. Shule niliyosoma siitaji, haikuwa Mwisenge, lakini tulikaa chini, mwalimu mmoja alikuwa ndo kwanza katoka darasa la saba akapewa mafunzo ya muda mfupi akaambiwa fundisha, ndio wale tuliowaita walimu wa UPE, yaani wa ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Asubuhi mchakamchaka, mkononi una daftari na jembe na kidumu cha maji. Nilivyomaliza 1984 shule nzima tulifaulu wachache mno kwenda sekondari maana nafasi zenyewe hazikuwepo, na mimi sikuwa kati yao, nikalia wiki nzima. Lakini barua hii unayoisoma nimeiandika mwenyewe, na hesabu za dagaa zangu hakuna dalali anayenizungusha.

Wewe ulianza 2002, ada imeshafutwa, kipindi cha MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, madarasa yanajengwa huku watoto wamefurika kuliko madarasa, ukawa unasoma kwa zamu, wiki hii asubuhi wiki ijayo mchana. Unakumbuka ulivyokuwa unarudi jioni umelala njiani mgongoni kwa kaka yako? Nilichukia sana ile zamu. Niliingia kamati ya shule kwa sababu ya ile zamu.

Kwa hiyo juzi kabla ya kukujibu nikasema ngoja nikaione Mwisenge kwa macho yangu. Nimepita pale miaka yote lakini kupita na kuingia ni vitu viwili. Kuna darasa linatunzwa kwa kumbukumbu ya Mwalimu, wageni wanalipiga picha, sawa, ni kitu kizuri. Mimi nilichokaa nikakiangalia ni kitengo cha watoto wasioona. Kulikuwa na binti kama wa miaka kumi hivi, kainamia mashine ya nukta nundu, vidole vinabonyeza kwa pamoja, ka, ka, kaka, ka, mstari ukiisha kengele inalia anasukuma anaanza mwingine. Akamaliza akapitisha vidole juu ya karatasi taratibu, akasimama, akarudi nyuma herufi moja, akairekebisha. Hakuna aliyemwambia kakosea. Kengele ya mapumziko ilipogonga akaja mwenzie anayeona, akampa kiwiko ashike amwongoze, wakatoka wawili wanabishana habari za uji, binti asiyeona ndiye anaongea zaidi.

Mwanangu nilisimama pale machozi yananilenga. Shule iliyoanza kwa watoto wachache, leo huyo binti ana dawati lake, na mjukuu wangu atakaa dawati la jirani. Nataka akulie hapo, azoee kumpa mwenzie kiwiko akiwa na miaka saba, siyo aje kufundishwa kwenye semina akiwa na miaka thelathini.

Sasa sitaki nikudanganye. Elimu bila ada ya 2016 ilijaza shule za serikali nchi nzima, na darasa likijaa mwalimu hawezi kusahihisha kila daftari kila siku hata angekuwa malaika. Hiyo kazi utaifanya wewe na mimi, jioni, daftari kwa daftari. Michango ya uji na vinginevyo itakuwepo, jipange. Na mkutano wa wazazi uende, usimtume dada wa kazi, maana nimeona wenye uwezo wakishahamishia watoto wao kwingine basi na sauti zao zinaondoka, wanabaki wazazi ambao mwenyekiti akiuliza "kuna swali?" wanaangalia chini.

Kuhusu inglishi midiamu sina ugomvi nazo, ila hesabu uliyonipigia ya ada na basi la shule ni karibu nusu ya mshahara wako, halafu ukitaka kununua kitabu cha hadithi hela hakuna. Siku hizi msingi ni miaka sita kwenye sera mpya, na Kiingereza kinaanza mapema. Wewe ongea nae Kiingereza hapo nyumbani, mimi nitaongea nae Kijita na Kiswahili, atatosheka.

Mume wako mwambie nimemsalimia na kwamba uamuzi ni wenu, mimi nimeulizwa nimesema.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitafute mapema, kama kiko kwa shangazi yake kachukue kabla hamjafunga mizigo. Viatu usinunue huko, mguu wake unakua haraka, nitampeleka mwenyewe sokoni wiki ya kwanza ya Januari akapime. Siku ya kuripoti nitafunga meza yangu mwaloni, nitamshika mkono mimi mpaka getini.

Mama yako.