Fonti nyembamba ya mwandiko wa mkono kwenye kitabu cha watoto

Je, Amatic SC, fonti nyembamba inayoiga mwandiko wa mkono, inafaa kwa aya za ndani za kitabu cha watoto? Hapana, haifai. Mahali pake ni kwenye jalada, vichwa vya sura, mabango na kadi za mwaliko, yaani palipo na maneno machache yanayochapwa kwa ukubwa. Sababu iko katika umbo lenyewe: herufi zimebanwa kwa upana na mistari yake ni myembamba, hivyo ukizishusha hadi pointi 12 tundu la ndani ya A au R hukaribia kuziba, na ule mchezo wa mkono, ambao ndio uzuri wake wote, hauonekani tena. Zaidi ya hayo, fonti hiyo iliyobuniwa na Vernon Adams haina herufi ndogo za kawaida, kwani mahali pake hutokea herufi kubwa zilizopunguzwa kimo, ilhali mtoto anayejifunza kusoma anahitaji kuziona a, b na g zenyewe.

Kwenye jalada, wembamba huo ni faida kubwa, kwa sababu jina refu la kitabu huingia katika mstari mmoja bila kupunguzwa ukubwa. Tumia toleo lake nene na uachanishe herufi kidogo. Leseni yake, SIL Open Font License, inaruhusu matumizi ya kibiashara, ila fonti nyingine nyingi za mtindo huu hutolewa kwa matumizi binafsi tu, kwa hiyo isome leseni kabla ya kuchapisha.