Kodi ya Nyumba Ukiwa na Virusi: Nani wa Kumwambia

Kikundi chetu cha watu wanaoishi na virusi kikipata mwanachama mpya, akishamaliza kuuliza habari za dawa, swali linalofuata ni la nyumba. "Dada, hakuna mradi wa kutulipia kodi?" Hakuna. Marekani wana mpango wa serikali unaoitwa HOPWA, uliotokana na sheria ya mwaka 1990, wa kuwasaidia makazi watu wa kipato cha chini wanaoishi na VVU. Huku kwetu Kenya hakuna kitu kama hicho. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatambua haki ya kila mtu kuwa na makazi yanayofaa, lakini tarehe tano ikifika mwenye nyumba hataki kusomewa katiba. Na tangu Januari 2025, Marekani waliposimamisha misaada yao ya nje, hata nauli na unga wa hapa na pale umepungua.

Kwa hivyo nitaeleza yale niliyoyaona yakisaidia huku Mombasa, Kisauni na ng'ambo ya Likoni, nikiwa mpangaji na nikiwa mwelimishaji rika. Msimamo wangu ni huu: kliniki waambie yote, mwenye nyumba usimwambie lolote.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Mtu anafika CCC, yaani kliniki yetu ya dawa za VVU, anaulizwa hali, anajibu "niko salama", na kumbe mlango wake umetiwa kufuli tangu jana. Huko nyumbani, kodi ikichelewa, anamlilia mwenye nyumba kwamba yeye ni mgonjwa, amhurumie. Huruma hiyo haimalizi mwezi, na habari imeshatoka.

Mhudumu wa kliniki ndiye anayefaa kujua. Asiye na pa kulala hana pa kuweka dawa, anaruka dozi, na wingi wa virusi unapanda. Kwake hilo ni suala la matibabu. Kama vipimo vyako viko vizuri, mwombe akupe dawa za miezi mitatu kwa mpigo, ili nauli ya kwenda na kurudi uiongeze kwenye kodi. Hospitali kubwa kama Makadara, yaani Coast General, ina maofisa wa ustawi wa jamii. Omba kuonana nao, usingoje wakuite.

Sasa mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI, kifungu cha 33, inakataza mtu kunyimwa pa kuishi kwa sababu tu ana virusi au anashukiwa kuwa navyo. Ni sheria nzuri. Lakini wewe umepanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, ukumbi mmoja, choo kimoja, na kuta hazifiki kwenye paa. Hapo siri haihitaji mdomo. Kopo la dawa ukilitikisa tu, chumba cha tatu wamesikia. Lifunge kopo kwenye kitambaa kizito, ulibebe bila kulitikisa, uliweke mbali na jiko. Wapo wanaovimimina vidonge kwenye mfuko wa plastiki wakatupa kopo. Usifanye hivyo, joto na unyevu wa Mombasa vitaviharibu. Kengele ya simu ya kukukumbusha dawa saa tatu usiku iwe ya mtetemo. Na ukitafuta chumba, tazama dirisha kabla ya kuuliza bei, maana chumba kisichopitisha hewa ni hatari kwetu kwa sababu ya kifua kikuu.

Mwenye nyumba wangu mmoja wa zamani alipopata maneno ya majirani, hakutaja virusi hata mara moja. Aliniambia anataka kukarabati chumba. Nilipopita pale baadaye nikakuta mpangaji mwingine kaanika nguo, na ukuta ni ule ule wa chokaa iliyobambuka. Ndivyo wanavyofanya: ukarabati, mwanangu anarudi kutoka Saudia, kodi inapanda. Ndiyo maana nasisitiza maandishi. Lipa kwa M-Pesa na usifute ujumbe. Notisi ya mdomo ijibu kwa meseji, ili ibaki mahali. Kama kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba hivyo bado vipo ukiingia ndani ndani, sheria ya udhibiti wa kodi inakulinda: hutolewi bila amri ya baraza linalosimamia kodi. Mambo yakiwa mazito, kina mama waende FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na wanasaidia kisheria bila malipo. Ipo pia mahakama maalum ya masuala ya VVU, iliyoundwa na ile ile sheria ya 2006, unaweza kupeleka malalamiko ukiwa na ushahidi kwamba ulifukuzwa kwa ajili ya hali yako. Kwa chifu nenda na habari za kodi tu.

Pesa nazo zinatafutwa kwa jina jingine, si la virusi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea yatima na kwa wenye ulemavu mkubwa. Wangapi kati yetu tunalea watoto wa dada aliyefariki na hatujawahi kuuliza? Muislamu mwenye deni la kodi asione haya kumwendea imamu: wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Nenda Shaabani, kabla ya foleni ya Ramadhani. Wakatoliki waulize parokiani kama kuna kikundi cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kinachosaidia wasiojiweza. Nyumba za bei nafuu za serikali jiandikishe ukitaka, ila usizihesabu kwenye bajeti ya mwaka huu.

Kikundini tumeweka mfuko wa kodi, mbali na mchango wa mzunguko. Anayekopa hapewi pesa mkononi, zinatumwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Walilalamika mwanzoni, nikawaacha walalamike.

Ukiona mwezi huu umekwama, andika kabla ya tarehe, mfano: "Salaam aleikum mzee. Mwezi huu biashara imelala. Naomba nilete 2,000 tarehe tano na zilizobaki tarehe ishirini." Hapo hakuna ugonjwa wala machozi, na una ushahidi wa makubaliano.

Na ikishindikana kabisa, ukaamua kurudi bara au Kilifi kwa wazazi, usiondoke na begi la nguo pekee. Pitia CCC kwanza, chukua barua ya uhamisho na dawa za kukutosha hadi uandikishwe kituo kipya. Wakikuuliza unahama lini, wape tarehe ya kweli.