Mwanangu, siki iive kwanza ndo ufunge presha kuka

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, mimi mzima, na bibi yako anakusalimia. Meseji yako nimeisoma alfajiri baada ya swala. Umeniuliza kwa nini adobo, yule kuku wa siki wa Kifilipino, uliyopika kwenye presha kuka yako mpya imetoka na siki inayopanda puani na mchuzi mwepesi kama chai, wakati ninayopikaga mimi hapa Tanga ni nzito na haichomi, na vitu umeweka vilevile. Nimeona nisikujibu kwa mistari miwili, nikae nikuandikie vizuri maana chakula hiki nakipenda na nakumbuka vizuri kilivyonifikia.

Wewe ulikuwa darasa la tatu nilipokwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Jikoni tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja Mfilipino anayetoka Bicol, mkoa wa huko kwao Ufilipino, mimi nikimwita Ate, kwao ndo dada mkubwa, na yeye akaniita dada mpaka siku naondoka. Ijumaa wenye nyumba wakitoka tulikuwa tunapika cha kwetu, wiki hii mimi kuku wa kupaka, wiki ijayo yeye adobo. Siku ya kwanza anaipika nikamwambia hiki si kigeni kwangu, mna siki, mna kitunguu swaumu, mna pilipili manga, na kwao Bicol wanaweka hadi tui la nazi, akaniambia na siki yenyewe kwao wengine wanatengeneza kwa tuba, nikauliza tuba nini, kumbe ni tembo la mnazi! Wanagema kama huku kwetu, likichacha ndo siki. Jina la adobo ni la Kihispania kwa sababu Wahispania waliwatawala tangu 1565 mpaka 1898, ila kupika nyama kwa siki na chumvi waliwakuta wenyeji wanafanya, maana joto la kule kama la kwetu na siki inaifanya nyama isiharibike haraka. Soya sosi imetoka kwa Wachina, na wako wanaopika bila soya mpaka leo.

Sasa turudi kwenye presha. Kosa ulilofanya na mimi nililifanya hukohuko Muscat. Siku hiyo tulichelewa, nikatupia kila kitu kwenye presha kuka, kuku, siki, soya, maji kikombe kizima, nikafunga. Ate alipofungua kifuniko hata hakuonja, aliinamia sufuria, akanusa, akasema "hilaw". Maana yake mbichi. Nikashangaa, kuku kaiva mpaka anaachia mfupa, ubichi uko wapi? Akanionyesha mchuzi, siki ndo mbichi. Kwenye sufuria la kawaida ule ukali unatoka na mvuke taratibu kwa dakika arobaini, ila presha kuka imezibwa, hauna pa kupitia, unarudi humo humo kwenye mchuzi. Na maji vilevile, hayakauki, tena kuku anatoa maji yake mengine. Kwa hiyo ulivyovipata wewe, siki kali na mchuzi mwepesi, vyote viwili sababu yake ni kifuniko.

Presha inakusaidia hapo katikati tu, kulainisha nyama. Mwanzo na mwisho unapika wazi.

Chukua kuku wa kilo moja na kidogo, mkate vipande nane au kumi, ngozi usiitoe. Weka mafuta vijiko viwili, mpange upande wa ngozi chini, usimguseguse mpaka awe kahawia, ndo utie kitunguu swaumu, punje nane au kumi za kuponda, usizionee huruma. Kikianza kunukia tia soya robo kikombe, maji nusu kikombe, pilipili manga nzima kijiko kidogo na majani matatu ya bei lifu. Chumvi hapana, soya inatosha, utaonja mwisho. Halafu siki nusu kikombe, imwagie juu ya kuku na USIKOROGE. Ate alikuwa ananishika mkono kabisa nisikoroge, kwao wanasema siki lazima ichemke kwanza ndo mwiko uingie. Acha wazi ichemke dakika tano na moto wa maana. Sogeza pua, mwanzoni itakuchoma mpaka macho yatoe machozi, afu utaona harufu inabadilika, inakuwa tamu tamu, kitunguu swaumu kinasikika mbele na siki inarudi nyuma. Hapo ndo ufunge.

Kuku wa kisasa ikishapiga filimbi punguza moto, dakika nane tu, zaidi ya hapo atasambaratika. Ndani ya presha joto linafika kama nyuzi 120 wakati sufuria la kawaida linaishia 100, ndo maana dakika chache zinatosha. Wa kienyeji mpe 25, jogoo mkubwa 35. Zima, acha mvuke uishe wenyewe, usifungue kwa nguvu mwanangu, nakuomba, nimeshaona mtu kaungua kifua na shingo kwa kuharakisha kifuniko.

Ukishafungua toa kuku weka pembeni, mchuzi urudishe motoni bila kifuniko, moto mkubwa, dakika kumi hivi. Utaona povu linakuwa dogo dogo na zito, rangi inakolea, pembeni ya sufuria mafuta yanaanza kujitenga na mchuzi. Wao wana neno lake, nagmamantika, inatoa mafuta. Chovya kijiko, ukikigeuza mchuzi unabaki umeshika mgongoni, tayari. Rudisha kuku, mgeuze ageuke mchuzi umfunike, dakika mbili, epua. Ukitaka ya Bicol, tia tui zito hapa mwisho na pilipili mbuzi, moto mdogo.

Jambo lingine hukuniambia, presha yako ni ya alumini au ya stili? Kama ni alumini usilaze adobo humo hata usiku mmoja, siki inakula alumini, chakula kinapata ladha ya chuma na sufuria linatoboka vidoti vidoti. Hamishia kwenye bakuli la kioo. Na raba ya kifuniko ioshe peke yake kwa sabuni, harufu ya siki na kitunguu swaumu inaganda humo, kesho utapika maharage yatanuka adobo.

Ipike Jumamosi uile Jumapili, ikilala inakuwa tamu zaidi, na wali mweupe, siyo ugali. Ile vinega nyeupe ya duka la chini kwako naijua ni kali mno, ukiikosa siki ya nazi weka hiyo robo kikombe na robo nyingine ongeza maji.

Ate alirudi kwao mwaka mmoja kabla yangu. Bado tunaandikiana. Nitamtumia picha ya sufuria lako, kwa hiyo ukiipika nipigie video, ila nipigie kabla hujafunga kifuniko nione inavyochemka.

Mama yako